Karibu, Babu

Mfaranyaki,
Songea.
14 Julai, 2024.

Mpendwa mwanangu Polikarp,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba, maana shikamoo yako naijua, huwa inakuja kwa kuburuta miguu. Habari za Njombe na baridi yake? Mama Jane ameshapata nguvu baada ya uzazi? Kachanga kananyonya vizuri? Sisi ni wazima kwa sasa, na hilo "kwa sasa" nimeliandika makusudi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanicheka.

Lile blanketi la nyuzi za kioo ulilotununulia nyumba isipoteze joto, fundi Daudi alilitandaza vizuri juu ya dari. Alivaa barakoa na glavu, maana nyuzi zile zinawasha ngozi na kuingia kifuani. Hakulilaza juu ya taa wala kwenye nyaya zilizochubuka. Akatuonya tusiguse matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha.

Lakini mama yako unamjua. Daudi alipotoka tu, huyo wifi yangu akapanda kiti na kuyaziba yote kwa vipande vya kanga. Eti huwezi kuivisha nyumba sweta halafu ukaacha vifungo wazi.

Jumapili iliyopita tulirudi kutoka Misa manyunyu yametulowesha, meno yanagongana. Mama yako akaingiza jiko la mkaa sebuleni, akafunga mlango. Joto lilikuwa tamu kweli. Kisha nyumba ikanyamaza vibaya. Hata mvua juu ya bati sikuisikia tena. Mama yako akasinzia na rozari mkononi. Kichwa changu kikawa kizito, nikataka kuinuka, miguu ikakataa. Niliogopa, Poli, na sauti ya kuita sikuwa nayo.

Binti yako Jane, tunayekaa naye tangu mama yake ajifungue, alikuwa amelala mkekani. Akaamka, akautazama mlango, akasema kwa adabu kabisa, "Karibu, babu." Akaenda akavuta komeo.

Upepo ulinipiga usoni. Nilitambaa, nikamburuta mama yako mpaka barazani, akatapika, akafumbua macho. Uani hapakuwa na mtu. Mvua ilikuwa imefuta hata nyayo zetu za kutoka kanisani, na nyingine hazikuwepo.

Daktari alisema mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na anayeivuta anaweza kusikia yasiyokuwepo. Nimekubali. Ila nilimuuliza Jane alisikia nini.

"Kakohoa kwanza, halafu kabisha hodi."

Unamjua aliyekuwa akikohoa na kubisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Baba yako, kaka yangu Rupert, alizikwa kabla Jane hajazaliwa, na tabia yake hiyo hakuna aliyewahi kumsimulia mtoto.

Matundu tumeyazibua. Sasa nasikia na wewe umeziba ya kwako yote, ati kachanga kasipate baridi, na jiko mnaliingiza ndani. Zibua leo hii. Jiko lilale nje.

Mama yako anakusalimu, kichwa kimetulia. Jane anamsalimia mdogo wake; siku hizi hataki kabisa tufunge komeo. Mama Jane mpe pole na hongera. Mungu awalinde na awajalie pumzi.

Nakusihi, mwanangu. Baba yako hakuwahi kufika Njombe. Mlango wako yeye haujui.

Ni mimi nikupendaye na kukugombeza,
Shangazi Lidwina.