Kopo la Vidonge la Mtani Wangu

Kibiti, Jumanne

Mke wangu Mama Zuhura,

Assalam alaikum. Natumai hapo Mbwara mmeamka wazima na kifua chako kimetulia. Mguu wangu bado mzito, lakini hilo haliniogopeshi, unanijua. Kinachonitia hofu ni kingine.

Hapa hospitali wanapima dawa mpya ya matende. Wengine tunapewa mpya, wengine ile ya zamani. Vidonge vinafanana, kila kopo lina namba tu, na jina la dawa limefungwa kwenye bahasha yenye namba hiyo; hata daktari hajui nani kapewa ipi. Aliyepanga hivyo ni binti wa hesabu, mtakwimu. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mimi nimebeba boriti za mikoko miaka arobaini pale Nyamisati. Nipe mpya."

Akacheka. "Babu, daktari akichagua, atawapa wenye nguvu kama wewe. Mkipona atasifu dawa, kumbe ni nguvu zenu. Ndiyo maana tunachagua kwa kura."

Nikaitikia, ila moyoni nikasema kura hiyo hainijui mimi.

Kitanda cha pili yupo mtani wangu wa milimani, Mzee Ngwele. Mguu wake ukaanza kunywea. Nikajua mpya anayo yeye. Na kitu cha mtani hakiombwi, kinachukuliwa. Nikachukua kopo lake nikamwekea langu, na karatasi za namba nikazibandua nikazibadilisha. Nikangoja agundue, anitukane, tucheke. Hakugundua.

Siku ya nne kavimba uso, pumzi inakwama. Daktari akaagiza ifunguliwe bahasha ya namba yake, wajue kameza nini ndipo wamtibu. Mama Zuhura, bahasha ile ingewatajia dawa niliyokuwa nameza mimi. Nikasema yote, mbele ya wodi nzima.

Binti hakunifokea. Aliuliza tu, "Tangu lini, babu?" Akaandika, akakimbilia bahasha yangu. Kwenye jaribio lao wameshanitoa.

Mtani hajafumbua macho. Akifa, kwa desturi ya utani mimi ndiye natakiwa kuchekesha watu msibani, nilale kaburini nidai kanzu yake. Tangu asubuhi najaribu neno moja la utani. Halitoki.

Msalimie dada yangu, na mkwe wetu wa Bungu, mwambie asije kwanza. Mwalimu wa madrasa akisoma dua, jina la Ngwele litangulie. Langu lifuate nyuma.

Ni mimi mumeo,
Baba Zuhura