Pompe ya Kutumika Miaka Sita

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa kumi, 1999

Nilisafisha kikapo ya pompe, ile mashine ya kuzungusha mayi. Majani, nywele, kizibo ya bia, na jino ya uongo moya. Ndiyo, jino. Mugeni wa Kitwe aliiacha mu mayi na hakurudia kuiuliza. Batu ba muji mukubwa banafunga safari ya siku mbili mpaka hapa Nchelenge, banakuta ziwa Mweru, mayi mpaka macho inachoka, halafu banaingia mu ile sahani ya plastiki ya patron, bosi wangu, yenye kusimama juu ya udongo nyuma ya nyumba ya bageni. Mayi mpaka kitovu. Banaiita pisini, fasi ya kuogelea. Sababu banaogopa mamba ya ziwa. Mamba akibaona vile, atacheka mpaka afe.

Na pompe yenyewe! Kantu ka kubeba na mukono moya. Mi, Ilunga, miaka kumi na kenda nilikuwa mutu wa pompe ku mine, mugodi ya kule Katanga, chini kabisa, fasi jua haifikake. Pompe ya kule unapanda na ngazi kuigusa. Haizimikake hata dakika moya, sababu ikizimika, mayi inapanda na batu banakufa. Bon. Mine ilikufa, mushahara ukakufa, nikavuka ziwa mpaka huku Zambia. Sasa ni miaka mbili niko nachunga sufuria yenye kupiga kelele. Mungu naye anapenda mizaha.

Lakini sheria yangu ni ile ile ya mine: pompe inatembea muchana na usiku. Pompe ya kulala ni ya bavivu.

Jumanne, tarehe 5

Bana Mulenga, ni kusema Mama Mulenga ku Kibemba, alizima tena. Saa sita kamili ya muchana, kama kila siku. Ni mujane wa hapa hapa, mama ya batoto ine, kazi yake kufagia na kutoa takataka juu ya mayi. Aliweka mukono juu ya mota, kama mutu anapima homa ya mutoto. Akaniambia, "Tata, iko na moto. Uiache ipumuke."

Ipumuke! Nikamuuliza kama aliona mapafu yake. Alicheka kidogo, akashika ufagio. Mi nikawasha. Miaka mbili huyu muke anazima saa yenye niko nakula, mi nikirudia nawasha. Hajue hata kushika tournevis ya skurubu, na anataka kunifundisha.

Jumatano, tarehe 6

Pompe inapiga mufilimbi tangu asubuhi. Sauti mubaya. Patron aliisikia mpaka ku veranda, akakuja na tumbo yake mbele. Jina yake Ba Chola. Alitajirika na samaki ya soko ya Mununga, sasa anavaa kravati mu joto ya mwezi wa kumi na anafikiri kravati njo akili.

Alileta kile kitabu kidogo cha pompe. Muzungu moya mwenye kujenga barabara alimuuzishia pisini yote na kitabu juu. Patron hakisome, anakishika tu kama Biblia. Akauliza: muzungu alisema miaka sita, hii iko na mbili tu, juu ya nini inalia? Nikamujibu umeme ya hapa ni zaifu, muchanga ni mingi, bageni banaingia na mafuta mu ngozi. Yote ni kweli. Alinitazama kama mutu anahesabu samaki ya kuoza.

Halafu akasema neno yake, mi na Bana Mulenga tukisimama pale. Arusi ya binti yake ni Jumamosi. Bageni batatoka Lusaka, banaambiwa kuna pisini. Pompe ikikufa kabla ya arusi, mwenye kuiua anaenda kwake. Mumoya kati yenu, akasema. Neno yake hairudiake.

Bana Mulenga alitazama chini. Chumba chake cha nyuma ya jikoni ni cha kazi. Akitoka ku kazi, anatoka na batoto ine.

Alhamisi, tarehe 7

Ilikufa. Saa mbili ya asubuhi. Mufilimbi, halafu mungurumo, halafu harufu ya mafuta ya kuungua, halafu kimya. Mayi ikaanza kuwa na rangi ya chai.

Patron alikuya mbio. Bapishi balitoka jikoni, bageni batano balikuwa na vikombe mu mukono. Akauliza nani.

Nikasema ni Bana Mulenga. Zima, washa, zima, washa, kila siku, njo inauaka mota, hata mutoto wa shule anajua. Nikasema kwa sauti kubwa ya mutu wa kazi. Bote banasikia. Mumoya wa bageni akatikisa kichwa, eti anaelewa. Hakuelewa kintu, mujinga ule, lakini nilifurahi alitikisa.

Bana Mulenga alivua tabulia yake ya kazi, akaikunja mara ine, akaiweka juu ya kiti. Akaenda kufunga bintu yake.

Nilisikia vizuri mu roho. Naandika hivi sababu ni kweli. Nilikula bugali mara mbili.

Ijumaa, tarehe 8

Nilifungua mota.

Waya ni nzima, haikuungua. Kama ni zima-washa iliiua, waya ya kuanzishia ingekuwa nyeusi. Iko safi. Ni beringi, zile pete za chuma zenye kubeba mota. Mbili zote zilikauka, gololi zake rangi ya bluu, grisi iligeuka masizi. Mashine ya kufa vile haikufa na kupumuka. Ilikufa na kazi bila kulala. Niliona beringi kama hizi mara mia mu maisha yangu. Sina namna ya kujidanganya.

Nikachukua kitabu cha patron. Kingereza yangu ni zaifu, lakini namba ni namba. Miaka sita, inaandikwa, masaa munane kwa siku. Munane! Mi nilikuwa naipa makumi mbili na ine. Kila siku moya nilikuwa nakula siku zake tatu. Miaka sita, gawanya kwa tatu. Muzungu hakudanganya. Na zile masaa Bana Mulenga aliiba kwa ajili ya pompe, zile njo zilifanya ifike hata jana.

Miaka kumi na kenda ku mine. Fundi mukubwa. Pumbavu mukubwa! Kule pompe ilikuwa inalinda batu. Hapa ilikuwa inalinda tumbo ya bageni. Hakuna mutu angekufa. Nani aliniambia niikimbize? Hakuna. Ni kiburi tu.

Nilipanda camion, lori ya samaki, mpaka Mwansabombwe. Fundi wa kinu ya mihogo alikuwa na beringi ya kipimo kile. Saa tisa nilikuwa nimerudi, saa kumi inatembea. Patron alinipiga mukono ku mugongo, akaniita injenia. Niliona haya mpaka masikio.

Nikashuka ku ziwa kumutafuta Bana Mulenga. Yuko kwa dada yake, anaanika chisense, ile samaki kidogo, juu ya muchanga. Batoto banafukuza kuku. Nikamuambia yote: beringi, masaa, kosa ni yangu. Nikangoja alie, anitukane, kintu yoyote.

Aliendelea kugeuza samaki. Kisha akasema, "Tata, ulinisema mbele ya batu. Usikuye kuniomba musamaha mbele ya samaki."

Jumamosi, tarehe 9

Arusi. Kanzu, kravati, mafuta ya nywele, bazee ba Lusaka mu suruali fupi, magulu kama miti ya mihogo. Baliingia mu mayi na glasi ku mukono. Pisini ilikuwa safi. Patron alikuwa anazungusha bageni bakubwa bake, mwishoni akanionyesha: huyu njo injenia yangu.

Nikasema pale pale. Mbele ya bapishi bale bale, na bageni mara kumi kupita Alhamisi. Pompe iliuawa na mi. Bana Mulenga alikuwa anaiponyesha, na mi nikamutupia lawama juu niliogopa kupoteza kazi. Nilisema Kiswahili, nikarudia Kibemba yangu ya kuvunjika, ili asiwe mutu wa kusema hakusikia. Mumoya alicheka mu mayi. Muziki ulikuwa unaendelea, ujinga mutupu.

Patron aligeuka rangi. Akanivuta pembeni, akaniuliza kama sikuweza kungoja Jumatatu. Nikamujibu hapana. Akatuma mupishi ku ziwa amuite Bana Mulenga. Halafu akaniambia: neno yake ya Jumatano ninaijua.

Ninaijua.

Jumapili, tarehe 10

Misa. Bana Mulenga alikuwa benchi ya mbele na batoto bote ine. Akitoka alinipita. Hakunisalimia, hakunitukana. Kesho anaanza kazi tena, banasema patron alimurudishia chumba.

Nilifunga bintu yangu. Mufuko moya unatosha. Kesho kuna mutumbwi ya kuvuka.

Kabla ya kufunga nilimuandikia Bana Mulenga karatasi: saa ya kuwasha, saa ya kuzima, kugusa mota na mukono, ikiwa na moto kuiacha. Niliandika vizuri, kama fundi anaachia fundi. Nikaisoma mara mbili. Hakuna neno hata moya mule yenye yeye hajue.

Nikaipasua.