Risasi Niliyoichagua Mimi

Mabela, Maskati
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Kwa Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta goti lako limepoa na unatembea bila fimbo. Mama anaendeleaje na macho? Na mvua, imewafikia safari hii au imeishia tena ng'ambo ya mto? Mimi afya ninayo na chakula ninakula. Usingizi ndio umekuwa mgeni.

Barua yako ilifika Jumatatu. Niliisoma nimesimama getini, kisha nikaisoma tena chumbani. Unasema Mama Kilonzo hupitia kwetu kila akitoka kanisani, hukaa kwenye kile kiti cha kamba, na huuliza swali moja tu: yule mzee Mwarabu aliwezaje kumpiga mtu mzima akidhani ni mbweha? Baba, hakumdhani mbweha. Wala hakumwelekezea bunduki. Mlipomzika Kilonzo mliambiwa ni ajali, na ni kweli ilikuwa ajali, lakini neno hilo limeficha mambo ambayo mimi ninayajua. Nimefungua daftari langu, lile ninaloandika kila siku, ili nikueleze kwa mpangilio. Tafadhali isome kwanza peke yako.

Unajua kwamba mzee huyo, mwajiri wangu Bwana Seif, alizaliwa Unguja na anazungumza Kiswahili kuliko mimi. Mbali na shamba la hapa Mabela, ana zizi la mbuzi kule milimani, njia ya kwenda Yiti. Mbweha wa huku ni mdogo kuliko wetu, masikio makubwa, manyoya laini ya rangi ya mchanga. Mwaka huu waliwala wanambuzi wengi, na Bwana Seif akaanza kuwapiga kwa bunduki yake ya kibali. Alipojua kwamba baba yangu alikuwa mchunaji wa wawindaji kabla uwindaji haujapigwa marufuku kwetu, akanipa kazi ya kuchuna ngozi zao na kuzitia chumvi. Alitaka kuzitundika ukutani katika majlisi, chumba chao cha wageni.

Mkewe, Bi Zuwena, hakutaka kusikia.

"Seif, mbweha na uvundo wake hapiti mlango wangu."

"Ikishatiwa chumvi haina uvundo. Muulize Musyoka."

"Musyoka mtu wako huyo, atasema ulitakalo. Na mgeni akikaa karibu na hiyo mizoga, kahawa atakunywa na pua gani?"

Tulicheka wote, hata Kilonzo aliyekuwa akichomelea bawaba za geti. Wakati ule tulikuwa tunacheka sana.

Taabu ilikuwa moja. Risasi alizokuwa akitumia Bwana Seif zilikuwa za ncha laini. Unazijua. Zinaingia kwa tundu dogo kama punje ya mbaazi, zinachanua ndani, zinatokea upande wa pili na nusu ya mgongo. Niliandika kila mbweha katika daftari: hatua ngapi kutoka kwenye bunduki, risasi imeingia wapi, tundu la kutokea ni vidole vingapi. Wa kwanza vidole vinne. Wa pili nilitia ngumi nzima. Wa tatu sikumchuna, maana hapakuwa na cha kuchuna. Kilonzo aliniita daktari wa ngozi. "Daktari," akaniambia siku ile, "mgonjwa wako leo amekuja bila mgongo."

Bwana Seif aliikunjua ile ngozi ya pili juani, akaona mwanga unapita. "Musyoka bwana, hii si ngozi tena, hichi chujio. Kwenu mlifanyaje?"

Hapo ndipo nilipojibu kwa fahari. Nilimwambia kwetu baba yangu hakukubali ncha laini kwa wanyama wadogo, awe kanu au mbweha au mondo. Alitaka risasi ngumu, iliyovikwa shaba mwili mzima, ambayo haichanui. Inapita moja kwa moja, inaacha tundu dogo kuingia na tundu dogo kutoka, unashona kwa mishono miwili na mnunuzi haoni kitu.

Alinituma kwenye maduka ya Ruwi, mjini, na mfanyakazi wake mmoja mwenye karatasi za kibali. Muuzaji, Mbaluchi mmoja mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alitusikiliza, kisha, kando ya zile laini na zile ngumu, akaweka mezani boksi la tatu tusilolitaja. Risasi nyepesi, ncha yake kama imetobolewa. "Kwa mbweha hii zuri," akasema. "Ingia ndani, vunjika vunjika, hapana toka. Tundu moja tu." Nilizishika mkononi, Baba. Nilizishika. Nikamwambia, "Rafiki, sisi kazi hii tumezaliwa nayo," nikachukua ngumu. Usiku niliandika: tumenunua za shaba nzima, kama za Baba.

Mbweha wawili wa kwanza kwa risasi hizo walitoka safi. Bwana Seif alinishika bega mbele ya watu. Hata Bi Zuwena aliishika ngozi moja kwa ncha za vidole, akasema, "Haya, angalau huyu ana heshima."

Sasa nisikilize kuhusu Alhamisi ile. Tulifika zizini jua halijapanda vizuri. Kilonzo alikuja nasi kwa sababu mbweha walikuwa wakipenya chini ya seng'enge, naye alitaka kuikaza kabla ya joto. Alikuwa upande wa kushoto, mbali, amepiga magoti na koleo lake. Mbweha alitoka upande wa kulia, akasimama mbele ya jabali. Bwana Seif alitazama huku na huku kwanza, nilimwona kwa macho yangu. Mbele yake palikuwa na mbweha na mlima tu. Akafyatua.

Mbweha alilala pale pale. Nilisikia mlio wa pili, mwembamba, kama mtu aliyepiga sufuria kwa kijiko. Kisha Kilonzo akaketi chini. Hakulia. Aliniita kwa kawaida kabisa, kama anayeuliza spana iko wapi.

"Musyoka, nani amenirushia jiwe?"

Risasi ilikuwa imempita mbweha, ikagonga jabali, ikageuka. Ilimwingia Kilonzo chini ya mbavu. Tulimlaza kwenye gari, kichwa mapajani mwangu, Bwana Seif akaendesha. Njia ile ni ya mawe matupu. Kilonzo aliniuliza mara mbili kama tumefika kwenye lami. Mara ya pili nilimwambia ndiyo, na haikuwa kweli. Tulipofika kwenye lami hakuwa nasi tena.

Ile ngozi ilikuwa nzuri kuliko zote, Baba. Ilibaki pale pale mlimani na hakuna aliyeigusa.

Kwa wiki nyingi nilijiuliza kwa nini hili halikuwahi kukutokea wewe. Siku moja nikakumbuka jinsi ulivyokuwa ukiwakataza wawindaji kupiga mpaka mnyama asimame mbele ya kichuguu au ukingo wa udongo. Waliona unawachelewesha. Mimi, mtoto, nilidhani unataka wamwone vizuri juu ya udongo mwekundu. Hukusema kwamba udongo humeza risasi, nami sikuuliza. Nilichukua risasi zako nikaja nazo hadi nchi isiyo na kichuguu hata kimoja, milima yake ni mifupa mitupu. Sikulaumu hata kidogo. Ulinifundisha kazi nzima, mimi nikabeba nusu.

Bwana Seif aliwaambia polisi, "Mimi ndiye niliyefyatua," wakaandika hivyo. Bunduki ameirudisha serikalini. Hatoki nyumbani ila kwenda msikitini. Juzi, baada ya barua yako, nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata nikamsomea daftari, kutoka ngozi ya kwanza hadi maneno ya yule Mbaluchi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lifunge daftari lako," akasema. "Nani kavuta kifyatulio?"

"Ni wewe, Bwana. Lakini ile nyepesi ya Mbaluchi ingebaki ndani ya mbweha vipande vipande. Nami ndiye niliye..."

"Nnajua ulilofanya. Nilikuuliza, ukanijibu, nikakubali. Lile langu halikuondolei wewe lako, na lako halinipunguzii mimi." Kisha akauliza, "Mamake Kilonzo anasemaje?"

Nikamwambia unavyoniandikia, kwamba anaamini ulikuwa uzembe wa tajiri asiyetazama mbele yake.

"Basi muandikie kweli, yote. Usende ukamfichia mama wa watu kitu ili mimi nionekane mwema, wala ili wewe uonekane mwema. Na muulize, nikija kukaa naye matanga yaliyonipita, atanifungulia mlango?"

Ndiyo maana ninakuandikia, Baba. Ninakuomba uende kwa Mama Kilonzo, usimngoje aje. Mwambie mzee alitazama. Mwambie mwanawe hakuwa mbele ya bunduki. Mwambie risasi iliyorudi kutoka kwenye jabali niliichagua mimi, mbele ya nyingine ambayo isingerudi, na kwamba mimi pia ndiye niliyemwita Kilonzo kuja kazi huku. Akitaka kuona daftari nitalileta mwenyewe.

Nisalimie Mama, ila barua hii usimsomee yote. Msalimie dada yangu Mwende na mumewe, na shangazi wa kanisani anayeniombea kila Jumatano, mwambie asiache. Msalimie na mwalimu wangu wa darasa la saba, aliyenizoesha kuandika tarehe juu ya kila ukurasa. Bi Zuwena anakupa pole, amekuwa akiniletea uji chumbani kama mgonjwa.

Likizo yangu ni baada ya mfungo wao. Bwana Seif yuko tayari kusafiri nami, na yuko tayari pia kubaki. Muulize Mama Kilonzo kama tuje sote wawili, au nije mmoja, au tusije. Lolote atakalosema, liandike kwa maneno yake mwenyewe. Akinilaani, andika laana. Usinilainishie, Baba.

Ni mimi mwanao,
Musyoka