Uso wa Njombe, Mafuta ya Unguja

Mji Mkongwe, Unguja

Mama, shikamoo. Nimefika salama lakini situlii. Mashavu niliyotoka nayo kwenye baridi ya huko Njombe bado yanabambuka, na jana ndiyo nilipelekwa kuonana na Bi Rukia, mama yake mchumba wangu. Asubuhi nzima nilizunguka chumbani. Nikajisugua kwa sabuni na maji ya moto, uso ukazidi kuwaka. Nikaenda hivyo hivyo, nimejitanda mtandio hadi puani.

Bi Rukia aliufunua mwenyewe. Nilitamani kukimbia.

"Maskini weye, baridi imekutafuna! Na sabuni tena ya nini?"

Akaninawisha maji ya uvuguvugu, na uso ukiwa bado una majimaji akanipaka mafuta ya nazi, taratibu, kama anampaka mtoto mchanga. Machozi yakanitoka, mama. Akayapaka humo humo.

Nawe usijifute ukakauka kabla ya kupaka, na sakitu ikianguka, majani yakiganda alfajiri, jifunike uso ukienda shambani. Wakati naaga alinishika mkono: "Mwambie mamako aje, naye nimpake."

Njoo, mama.

Mwanao,
Neema