Mikate ya Klabu ya Sayansi

Jumatatu, 16 Juni

Ufunguo wa chumba cha klabu tena. Askari wa zamu ameondoka nao kwenda kula, tumesimama nje dakika arobaini. Watoto kumi na mmoja, saa kumi na nusu, jua la Nakawa usoni. Nimefundisha shuleni Bukoto tangu asubuhi, miguu inawaka moto. Halafu kuna watu wanasema kujitolea kunaleta furaha. Waje wasimame hapa.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya viatu vya polisi. Bado kinanuka soksi. Sasa Afande, mkuu wa kambi hii ya polisi, anataka kukigeuza kantini. Amesema wazi: wageni wa Ijumaa wakikubali kuifadhili klabu, chumba ni chetu. Wakikataa, tutoke. Nimemwuliza watoto waende wapi. Kasema wacheze mpira.

Wacheze mpira! Zamzam ana miaka kumi na tatu na maswali yake yananitoa jasho. Nyumbani kwao ni unipoti, ile nyumba ya bati ya duara, wamo saba ndani. Hana pa kufungulia daftari. Chumba hiki kikienda, na yeye kaenda.

Jumanne, 17 Juni

Siku ya kumi na mbili ya mikate. Makopo manne kwenye rafu, kila moja na kipande chake. Cha kwanza hakikuguswa na mtu. Cha pili kilishikwa na mikono iliyonawa kwa sabuni. Cha tatu, mikono iliyonawa maji matupu. Cha nne, mikono iliyotoka moja kwa moja uwanjani.

Cha nne kimeota ukungu wa kijani na mweusi, na manyoya meupe juu. Kinatisha. Nakipenda kuliko ndugu zangu wengine. Cha tatu kinakifuata kwa karibu, na hilo limewashtua watoto, kwa sababu kambi nzima hunawa maji matupu. Wazo la jaribio ni lao wenyewe. Sijawasaidia kitu ila mkate.

Zamzam ndiye atakayewaeleza wageni. Amefanya mazoezi mara tatu leo. Mara ya tatu niliacha kumsahihisha.

Jumatano, 18 Juni

Kesho nina kikao cha walimu Bukoto, nitachelewa. Nimewaachia maagizo: Ijumaa wageni wanakuja, chumba kiwe safi.

Mvua. Paa linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimeandika barua ya tatu kuomba litengenezwe.

Alhamisi, 19 Juni

Siamini.

Nimefika saa kumi na mbili. Mawe ya njia yamepakwa chokaa mpaka mlangoni. Sakafu inang'aa. Watoto wamepanga mstari, visigino pamoja, wanangoja sifa. Na kwenye rafu, makopo manne, yameoshwa, yamefudikizwa, yanakauka.

Nikauliza mikate iko wapi. Otim, mdogo kuliko wote, kajibu kwa fahari, "Ticha, ile mkate ilikuwa imeharibika kabisa. Tulitupa yote."

Nikafoka. Nimesema maneno ambayo mwalimu hasemi. Nikamgeukia Zamzam: wewe pia? Yeye ndiye aliyesugua kopo la nne. Kwa mchanga. Kasema polepole, macho chini: ukaguzi wa mwisho walikuta uchafu mlangoni kwao, baba yake akakimbizwa juani mbele ya watu mpaka akaanguka. Wageni wanakuja, kwa hiyo akachagua baba, si mkate.

Hapo hasira ikanigeukia mimi mwenyewe. Nimezaliwa kambi hii. Baba yangu, askari, alitoka Gulu akaletwa hapa, na mimi nimesugua masizi chini ya sufuria kila bendera ilipopandishwa kwa ajili ya mkubwa fulani. Najua "safi" maana yake nini kwa mtoto wa hapa. Nikalitamka, nikaenda kikaoni. Mjinga ni mimi.

Daftari la maelezo lipo. Lakini wageni hawatoki mjini kuja kusoma daftari.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika na bado uso unanichoma.

Asubuhi nilimwendea mwenye duka kule Bukoto nikamwomba mikate iliyooza. Alidhani ni ya kuku. Nikaikata, nikaipanga makoponi, kipande kibaya zaidi kopo la nne. Ilipendeza. Zamzam kaiangalia, kasema, "Ticha, hii si yetu." Nikamwambia anyamaze, aseme alivyofanya mazoezi.

Wageni wawili, mwanamke na mwanamume, saa tisa. Wapole, wana haraka. Afande kasimama mlangoni, kifua mbele. Zamzam kainuka. Kashika kopo la nne, kalielekeza kwa wageni. Kisha:

"Hii mkate ni ya duka. Yetu tulitupa jana, tukaosha kopo, juu ya wageni. Mgeni akiona uchafu hapa, baba yako anapata adhabu. Lakini naweza kusema ile yetu ilikuwa namna gani."

Akasema. Yote, kopo kwa kopo, na lile la maji matupu akalirudia mara mbili. Sikusikia hata nusu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mgeni mwanamke aliniangalia mimi, si mtoto. Afande alikuwa anaangalia mawe yake ya chokaa.

Walishukuru. Walisema watatujulisha.

Sikumkaripia Zamzam. Sikumwomba radhi pia. Nimeona haya.

Jumatatu, 23 Juni

Ujumbe umekuja. Wamechagua klabu nyingine. Wameshukuru kwa mapokezi mazuri.

Nimewaambia watoto nikiwa nimesimama mlangoni, ili nisikae. Zamzam kauliza kama ni kwa sababu yake. Nimesema hapana, ni kwa sababu yangu. Ndiyo kweli yenyewe, na imenitoka kama jino.

Jumanne, 24 Juni

Afande kaniita. Nilijua ni kukabidhi chumba. Kumbe ana swali, na limemkera tangu Ijumaa: ni kweli maji matupu ni karibu sawa na kutonawa kabisa? Wapishi wa kambi hunawa hivyo. Yeye mwenyewe hunawa hivyo, na hajaugua hata siku moja.

Nikamwambia ndivyo tulivyoona. Ushahidi tuliutupa jalalani.

Kasema tuanze upya, na mkono wake uwemo. Chumba anatuachia mpaka mkate useme. Kisha ataamua. Sipendi anavyotamka "ataamua."

Jioni amekuja kweli. Kanawa maji kwenye jagi, kajifuta suruali, kabonyeza kipande kwa kiganja kizima kama anayepiga muhuri. Zamzam kaandika kwenye kopo: AFANDE.

Ijumaa, 27 Juni

Hakuna kitu. Afande anapitia kila jioni, anachungulia dirishani, anaondoka anatabasamu. Ananichosha.

Jumatatu, 30 Juni

Doa moja. Kopo la Afande. La sabuni bado jeupe, na lile la mikono ya uwanjani pia bado. Watoto wameliona kabla yangu na hakuna aliyethubutu kulitaja.

Afande hakupita. Nimemshukuru Mungu kama mwoga nilivyo.

Jumanne, 1 Julai

Limejaa. Kijani mpaka pembeni. Limeyashinda yote.

Tumelizunguka. Mkuu wa kambi, mbele ya watoto wa askari wake, kuambiwa ana mikono michafu kuliko Otim aliyetoka uwanjani. Nilifikiri jinsi kopo linavyoweza kuanguka. Nilifikiri kungoja kesho, labda na la uwanjani litaota. Mwishoni nikamwambia Zamzam ampelekee, yeye anajua kueleza.

Kaniangalia. "Ticha, mimi nilisema ile siku. Leo ni wewe."

Nikalichukua. Nikavuka uwanja nalo mikononi, kambi nzima inaangalia. Afande alikuwa anasaini karatasi. Nikaliweka mezani, nikasema la kwake ndilo baya kuliko yote. Kaligeuza upande huu na ule. Kauliza kama tuna uhakika. Nikasema tunahitaji kurudia, mara nyingi, na kwa hilo tunahitaji chumba.

Kalisogeza karibu na karatasi zake. Kaniomba kopo likae pale mezani kwake.

Nimerudi. Watoto walikuwa wamekata mkate mpya, wamenawa, wananingoja nianze mimi kubonyeza.