Namba Sita ku Wago ya Mwisho

Kamina, tarehe 11 mwezi wa tatu 1999

Kwa Papa yangu mupenzi, Mwalimu Mwanza, ku Bukama,

Wakomapo, Papa. Mwili iko muzuri? Magoti yenu ingali inauma wakati ya mvua? Sisi hapa tuko bazima kwa neema ya Mungu, hata kama vita imekula chumvi na sabuni. Najua mulisema nisikanyage tena ku baraza yenu. Barua yangu yote ya miaka sita mulinirudishia bila kufungua. Hii nimeificha ndani ya kisanduku ya kasete, juu najua ile mutafungua mbio.

Mama Clotilde, ule mwenye kuuzisha samaki ku gare yenu, pale gari ya moshi inasimama, aliniambia hakuna muntu wa Bukama anafwata ile hadithi ya kasete, yenye kusomwa kipande kwa kipande, sawa ninyi. Papa, furaha ilinikosesha usingizi. Muache nieleze vile tunaituma toka huku. Vita imeharibu saa ya gari ya moshi, hakuna mwenye kujua itatoka siku gani. Basi kasete mupya ikiisha kutengenezwa, Théo, bwana yangu, anachukua craie, ile chaki yangu ya masomo, anaandika namba kubwa ya kile kipande ku wago, behewa ya mwisho. Muntu akiona gari inapita na namba, anajua mupya imefika kwa Mama Clotilde. Anarudisha ya zamani, anapewa mupya. Kasete tupu haiko tena ku soko, njo maana tunafuta ya zamani na kushika sauti mupya juu yake. Mapile, betri za redio, tunaanika ku jua pamoja na mihogo.

Mwezi wa kwanza tulikosea. Basoda ba vita balifungisha wago yao nyuma, na namba ine ikafichama katikati. Bantu ba kwenu bakafikiri Séraphin, mwenye sauti ya hadithi, amekufa, bakamuombea ku kanisa. Eti ninyi njo mulianzisha wimbo. Séraphin aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, kiisha akasema sasa ataishi muzuri, juu bantu bamekwisha kumulilia.

Ndani ya kila kisanduku kuko karatasi kidogo, musikilizaji anaandika neno yake. Bengine banatusifu, bengine banatugombeza. Namba tano inaishia pale binti anasimama inje ya nyumba, mvua inamunyeshea, na baba yake ameshika ufunguo. Juma hii kisanduku yenu ilirudi. Mulikuwa mumeandika kwamba mwandikaji asituchoshe, ule muzee afungue mulango, hamuone mvua? Nilijua ile mwandiko mbele ya kusoma. Njo ile ilinifundisha A na B.

Papa, sasa niseme. Séraphin anasoma tu. Mwenye kuandika ni minyi mwenyewe, binti yenu. Ule muzee nilimupa magoti yenu, na woga yenu ya mwaka 93, wakati bantu ba Kasaï balikuwa banafukuzwa huku Katanga, na minyi nikakataa kumuacha Théo, juu yeye ni wa kule. Mulisema bataunguza nyumba yenu. Nilibaki na kasirani miaka yote. Lakini kuandika ile woga kulinilazimisha niivae, Papa, na nililia sana juu yenu. Kasirani iliishia pale.

Namba sita sijaiandika. Sijui muzee atafanya nini, kwa hiyo hamutaipata kwa Mama Clotilde. Gari yenye kuleta hii karatasi haina namba, Mama Clotilde atawaletea kisanduku yeye mwenyewe. Gari ya nyuma yake, mukiona sita ku wago ya mwisho, mujue tuko ndani: minyi, Théo, na mutoto wetu wa miaka tano. Tulimupa jina ya marehemu Mama, Salomé. Musikuje ku gare, magoti itauma. Njia ya nyumba sijaisahau.

Munisalimie Mama Clotilde na baimbaji bote ba kanisa, mubaambie Séraphin anapumua. Théo anawaamkia kwa heshima, kofia ku mukono. Amani ya Bwana ikae kwenu.

Ni minyi binti yenu,
Mira

Salomé anauliza kama mulango yenu inafungukia ndani ao inje. Nilimwambia asimame kidogo nyuma, juu sikumbuke tena.