Hukuwa Unaosha Madirisha

Dada Mwende,

Bado nashika simu nikupigie, halafu nakumbuka. Ulifika nyumbani Mbooni Alhamisi. Jumamosi asubuhi mlikuwa mmeketi na Mama mkichambua maharagwe, ukasema kifua kinakubana, ukainuka uende kunywa maji. Hukufika mlangoni. Daktari alisema damu iliganda mguuni ukiwa kwenye ndege, ikapanda mpaka mapafuni. Nilimsikia, lakini hata leo haijaniingia. Si ulikuwa unacheka!

Na kuna la pili, Dada, ambalo limeniacha mdomo wazi.

Wasifu wako niliuandika mimi. Niliandika kwamba ng'ambo ulikuwa ukiosha vioo vya madirisha. Ndivyo tulivyojua, na Mama akiulizwa kanisani alikuwa anabadilisha mazungumzo haraka. Mchungaji akausoma mbele ya watu wote. Marta, mwenzako wa kazini, alikuwa amekuja kukuzika, na binamu yetu alikuwa anamtafsiria. Nikaona uso wa Marta umebadilika.

Baadaye alinifuata nyuma ya hema pamoja na binamu. "Nani aliandika vile?" Nikasema ni mimi. Akatoa simu, akanionyesha kioo kikubwa kama meza ya kulia, na wewe kando yake umevaa koti jeupe kama daktari. Kumbe ni vioo vya kupitishia leza kali, ya kubana atomi mpaka ziungane kama zinavyoungana ndani ya jua, ili siku moja tupate umeme. Kukiwa na ufa mwembamba kuliko unywele umejificha chini ya mng'ao, ule mwanga unakipasua kioo kuanzia hapo. Kila wakiwasha leza ufa unapanuka, mpaka kioo kinatupwa. Kazi yako ilikuwa kukisugua polepole, wiki baada ya wiki, kisha kukitia kwenye asidi ili nyufa ziishe kabisa.

"Kioo chake cha mwisho tulikijaribu akiwa ameshasafiri," Marta alisema. "Hakina hata doa. Nilikuwa nangoja arudi nimwambie."

Dada, uliniambia! Krismasi ile tukiwa uani: "Kyalo, mwanga unaweza kuvunja kioo." Nikakucheka. "Mwanga gani huo? Jua la hapa limepiga dirisha la Mama tangu tuzaliwe!" Ukaendelea kula embe lako. Mimi, fundi wa plasta, ninayejua ukuta unaweza kung'aa na ndani umepasuka, sikukuuliza hata swali moja.

Mama nimemweleza. "Mwana wakwa, mwanangu," akasema, "na mimi nilikuwa naona haya." Akalia kuliko siku ya mazishi.

Mchungaji amekubali. Jumapili nitasimama niseme mbele ya watu wale wale kwamba nilikosea, na niwaeleze ulichokuwa unafanya. Na watoto wangu wakianza kunieleza jambo nisilolielewa, nitaweka mwiko wangu wa plasta chini, niwasikilize mpaka wamalize. Hilo nakuahidi.

Nisamehe. Pumzika, Dada.

Mdogo wako,
Kyalo